Chuma cha Saruji na Mashine ya Mjini: Utangulizi wa Elimu ya Msuli

Kata ya Mkange iko katika Halmashauri ya Chalinze, Mkoa wa Pwani, upande ambao ardhi inashuka taratibu kuelekea bahari na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kijana wa huku hahitaji kutafutiwa uzito wa kubeba. Gunia la ufuta lipo, dumu la maji lipo, tofali na mzigo wa kuni vipo. Hata hivyo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Pwani, jua likishapoa wapo wanaorudi kubeba tena, safari hii kwa hiari yao: bomba limechomekwa kwenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, mmoja kalala kwenye benchi la mbao anasukuma, wenzake wanamhesabia. Wanasema wanapiga chuma, ingawa chuma chenyewe ni lile bomba tu.

Penye kundi la namna hiyo hakosekani mmoja aliyewahi kukaa Dar es Salaam akaona jimu zenye vioo ukuta mzima, naye ndiye huleta swali: hivi vyetu vinajenga kweli, au mpaka mashine? Nimechagua kuingilia elimu ya msuli kwa mlango wa swali hilo kwa sababu ukilifuata hadi mwisho unapita karibu vyumba vyote vya nyumba. Ninamwandikia mwalimu wa michezo wa sekondari, muuguzi wa zahanati, na kijana wa jioni mwenye makopo yake. Fizikia itakayohitajika ni ile ya nyenzo, ambayo wote tuliipita darasani.

Tukubaliane kwanza majina. Nikisema vyuma huru nina maana ya kitu chochote kizito ambacho hakishikiliwi na kitu kingine ila wewe: fito yenye sahani za chuma, dambeli, kopo la zege, dumu la maji. Kikiyumba ni juu yako kukirudisha. Mashine ni chombo kilichokwisha kuamua njia ya mzigo. Unakaa, unasukuma au kuvuta mpini, na rundo la vyuma linapanda kwenye reli au kwa waya unaopita juu ya kapi. Watu wengi hudhani mashine hizi zinahitaji umeme. Hazihitaji. Kinachorudisha rundo chini ni mvutano wa dunia, uleule unaolirudisha kopo la Mkange. Umeme ni wa ule mkanda wa kukimbilia, na huo si wa mada yetu.

Msuli ni mafungu ya nyuzi nyembamba. Uzi ukivutwa kwa nguvu kubwa, ndani yake huamka ishara za kikemia zinazouagiza mwili kutengeneza protini nyingi kuliko zinazobomolewa, na baada ya wiki kadhaa uzi hunenepa. Lakini nyuzi zote haziitwi kazini kwa wakati mmoja. Elwood Henneman, mwanafiziolojia wa Marekani, alionyesha kwa kazi yake ya miaka ya 1950 na 1960 kwamba mfumo wa fahamu huita kwanza vikosi vidogo vya nyuzi, vile visivyochoka upesi. Vikosi vikubwa huitwa mwishoni, mzigo unapozidi au vya kwanza vinapoelemewa. Hivyo vikubwa ndivyo vyenye nafasi pana zaidi ya kunenepa. Kazi isiyokufikisha karibu na kikomo chako huviacha vimelala.

Pwani yetu ina ushahidi wa zamani wa jambo hili. Katika karne ya 19 Bagamoyo na Saadani zilikuwa miisho ya njia za misafara iliyotoka bara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba begani karibu frasila 2 za bidhaa, yaani kama kilo 32, ukiacha mkeka na chungu cha mtu mwenyewe. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni kama kilomita 1,200. Kama kubeba peke yake kungetosha kujenga mwili, barabara ile ingejaa mabaunsa. Picha zilizobaki zinatuonyesha wanaume wakavu, wenye miguu myembamba iliyokazana, ambao bila shaka wangemwacha baunsa wa leo njiani kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza.

Sababu ni tatu, na zinafaa kukaa kichwani kwa sababu tutazirudia. Kwanza, kilo 32 begani ni taabu kwa sababu ya saa nyingi, lakini hatua mojamoja ni kazi ndogo kwa paja la mtu mzima, mbali na kikomo chake. Mwili ulijibu kwa kujenga ustahimilivu, kwa maana ya moyo imara, mishipa midogo mingi ya damu na nyuzi zinazojua kutumia hewa. Pili, mzigo haukupanda. Frasila 2 za mwezi wa kwanza zilikuwa frasila 2 za mwezi wa tatu. Tatu, posho ilikuwa ya kupimwa, na mwili haujengi ghorofa kwa akiba isiyokuwepo. Mkulima wa leo anayelima kutwa na bado hajajazia yuko katika hali hiyohiyo, wala si kwamba damu yake ina kasoro.

Aliyeigeuza sababu ile ya pili kuwa kanuni ya tiba ni daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika hospitali ya jeshi mjini Chicago, aliwapa askari waliovunjika miguu kazi ya kuinua uzito mkubwa, akiuongeza kadiri walivyopata nguvu, wakati desturi ya siku hizo ilikuwa mazoezi mepesi ya kurudiwa mara nyingi. Alichapisha matokeo mwaka 1945, na mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins wakapunguza mpango ukawa seti 3 za marudio 10. Kijana anayesema "leo tunapiga kumi kumi mara tatu" anafuata hati ya hospitali bila kujua. Na chombo cha DeLorme kilikuwa kiatu cha chuma kilichofungwa mguuni na kuongezwa sahani, kitu ambacho fundi wa kuchomelea wa Miono au Chalinze angekimaliza kwa asubuhi moja.

Sasa tuingie kwenye nyenzo, maana hapa ndipo chuma huru na mashine zinapoachana kweli. Shika kopo la kilo 10, kunja mkono mpaka kiwiko kiwe pembe mraba. Kopo liko kama sentimita 35 kutoka kwenye kiwiko. Msuli wa mbele ya mkono, ule ambao kila mtu huutunisha mbele ya kioo, umeshika mfupa sentimita 4 au 5 tu kutoka kiwiko hichohicho. Kwa hiyo ili kopo lisishuke, msuli lazima uvute kwa nguvu ya karibu mara 8 ya uzito wake, yaani kama kilo 80, na hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe. Sasa nyoosha mkono uning'inie. Kopo ni lilelile, lakini msuli haufanyi kitu. Ukipandisha mpaka karibu na bega, kazi inapungua tena. Chuma huru kina sehemu moja ngumu katikati, na miisho ya kustarehe.

Kasoro hiyo ndiyo iliyomkera Arthur Jones, Mmarekani aliyeishi miaka kadhaa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, akipiga filamu za wanyamapori. Baada ya kurudi kwao akaanza, mwaka 1970, kuuza mashine alizoziita Nautilus, jina la mnyama wa bahari mwenye gamba lililozungushwa kama la konokono. Gurudumu ambalo mnyororo wa mashine yake ulipitia halikuwa duara. Lilikuwa na umbo la gamba lile, pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, ili mzigo uwe mzito pale mkono ulipo na uwezo na mwepesi pale usipo. Ni ubunifu mzuri, na mashine nyingi za leo bado zina gurudumu la ukoo huo. Jones alikuwa hodari wa maneno pia. Aliuza mashine pamoja na imani kwamba vyuma vya zamani vimepitwa na wakati, na imani hiyo imesafiri mbali kuliko mashine zenyewe.

Imani hupimwa. Nchini Canada, Shane Schwanbeck na wenzake walichapisha mwaka 2009 kipimo cha umeme wa misuli, wakilinganisha kuchuchumaa na fito huru begani na kuchuchumaa na fito iliyofungwa kwenye reli. Fito huru iliamsha misuli zaidi, kwa wastani wa asilimia 43. Tarakimu hiyo imekaririwa sana na wapenzi wa vyuma huru, ambao hawataji kwamba waliopimwa walikuwa watu 6, na kwamba umeme wa msuli ni dalili ya kazi ya dakika ile, si unene wa mwezi ujao. Watafiti wenyewe walilijua hilo. Mwaka 2020 walitoa jaribio la maana zaidi: watu 46, wanawake 26 na wanaume 20, waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja vyuma huru, jingine mashine, kwa wiki 8. Kwa wanaume wa vyuma huru homoni ya testosteroni ilipanda zaidi mara baada ya mazoezi. Unene wa msuli wa mkono na wa paja ulipopimwa mwishoni, makundi yalikuwa sawa.

Kisha mwaka 2023 Markus Haugen na wenzake wakakusanya majaribio 13 ya aina hiyo, yenye washiriki zaidi ya 1,000. Kwa ukuaji wa msuli hawakuona tofauti kati ya vyuma huru na mashine. Walichokiona ni kwamba nguvu hufuata chombo: aliyefanya mazoezi kwa fito akipimwa kwa fito hushinda, na wa mashine hushinda kwenye mashine. Nguvu ni ujuzi pia, na ubongo hujifunza njia uliyoipita mara nyingi. Anayetaka kupakia magunia kwenye lori bila kuumia mgongo atafaidika zaidi na mzigo unaoyumba, kwa kuwa gunia halina reli.

Kwa hiyo jibu fupi kwa kijana wa Mkange ni kwamba msuli hauoni kilichoko mkononi. Unahisi mkazo, unahisi ukaribu wa kikomo, basi.

Jibu hilo lisichukuliwe kama ruhusa ya kudharau mashine. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, katika nyumba ya wazee huko Boston, waliwapa wazee 10 wenye wastani wa miaka 90 mazoezi mazito ya kunyoosha goti kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo zao za kutembelea. Kabla ya hapo wengi waliamini mwili wa umri huo umefunga mahesabu. Mtu wa miaka 90 huwezi kumwekea fito begani, akiyumba umemuua. Kukalishwa kitini na mzigo unaokwenda njia moja ndivyo vilivyowezesha. Bibi anayeshindwa kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono anaihitaji mashine kuliko mjukuu wake anayeitamani.

Usalama nao una hesabu. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1990 na 2007 watu wapatao 970,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha ya kuinua vyuma, na asilimia 90 hivi walikuwa wametumia vyuma huru. Hesabu hiyo haisemi ni wangapi walitumia kila aina, kwa hiyo isitumiwe kusema chuma huru ni hatari mara 9. Inachosema waziwazi ni namna watu wanavyoumia: mara nyingi zaidi ni uzito kumwangukia mtu. Asukumaye chuma akiwa amelala benchini peke yake, nyumba nzima ikiwa shambani, amejitengenezea mtego wa shingo. Wale wenzake wanaohesabu wana kazi kubwa kuliko kuhesabu.

Turudi kwenye makopo. Zege lina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa lita, hivyo kopo la rangi la lita 4 likijaa hufikia kilo 9 na nusu hivi, na ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48. Usikisie; mnunuzi wa ufuta ana mizani, mwombe. Makopo mawili ya bomba moja yasipolingana, upande mmoja wa mgongo wako ndio utakaolipa. Na bomba lipitishwe kabla zege halijakauka, likiwa na misumari au nondo fupi zilizochomelewa ndani ya kopo, maana zege lililoshika bomba laini siku moja litateleza, na halichagui siku.

Udhaifu mkubwa wa kopo ni kwamba haliongezeki. Sahani za chuma zinapanda kwa kilo moja na robo, mashine nyingi kwa kilo 5, lakini kopo ukishalijaza ni hivyo hivyo maisha yake yote. Wengi hukwama hapo: wanapiga kumi kumi mwaka mzima kwa kopo lilelile, kisha wanasema mwili wao hauna bahati. Njia za kutokea zipo mbili. Ya kwanza ni kuongeza marudio. Majaribio mengi ya miaka ya karibuni, Brad Schoenfeld wa New York akiwa miongoni mwa walioyakusanya, yameonyesha kwamba hata mzigo wa asilimia 30 hivi ya uwezo wako wa juu hukuza msuli sawa na mzito, mradi uendelee mpaka karibu ushindwe kabisa. Uchovu unaviita vile vikosi vikubwa vya Henneman ambavyo uzito haukuviita. Kwa hiyo panda kutoka 8 hadi 20 hata 25, kisha hamia kopo kubwa. Kwa nguvu za juu kabisa, mzigo mzito bado ni bora.

Njia ya pili ni dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 10 hukupa ngazi kumi za kilo mojamoja, na maji yanayocheza ndani yanakulazimisha kushika imara. Ukitaka uzito zaidi kwa nafasi ileile, weka mchanga. Kwa maoni yangu, dumu ndicho kifaa kilichodharauliwa kuliko vyote katika elimu hii. Wenzetu wa sarakasi wanaofunzwa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo mjini, hawana hata dumu: wao hubadilisha urefu wa nyenzo ya mwili wao, mkono ukasogea mbali kidogo, mguu ukanyooshwa, na uzito uleule wa mtu ukawa mara mbili.

Mashine ina adui wa ziada katika ukanda huu, nayo ni hewa ya bahari. Chumvi hula waya, beringi za kapi na reli, na waya wa mashine hukatika bila kupiga hodi. Anayeleta mashine Pwani alete na mtu wa kuipaka grisi na kuikagua, vinginevyo baada ya misimu michache itakuwa mahali pa kuanikia nguo.

Chakula kinastahili kitabu kizima, kwa hiyo hapa nitataja kipimo kimoja. Uchambuzi wa Robert Morton na wenzake wa mwaka 2018, uliojumlisha majaribio 49, uliona kwamba faida ya protini kwa msuli wa mfanya mazoezi huishia karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 60 anahitaji basi gramu 96. Unga wa mahindi gramu 400 kwa milo ya siku nzima, maharage makavu gramu 150 na dagaa wakavu gramu 60 vinamfikisha hapo au karibu sana. Hakuna kopo la unga wa kigeni katika hesabu hiyo. Kuhusu vidonge na sindano za kutunisha misuli zinazouzwa kwa kunong'onezana, ni homoni. Zinazima kiwanda cha mwili cha homoni hiyohiyo, zinachosha moyo na ini, na anayekuuzia hatakuwepo siku ya kulazwa.

Wanawake wasomao hapa wasiogope kile wanachoambiwa, kwamba chuma kitawageuza. Testosteroni yao ni ndogo mno kwa hilo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wote, wake kwa waume, kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki.

Sehemu kubwa ya majaribio niliyoyataja ilifanywa kwa watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, wengi wao wanafunzi wa vyuo wanaokaa vitini. Mtu aliyeamka alfajiri, akalima mpaka saa 5, ndipo jioni akapiga chuma, ni mwili mwingine: anaanza na ustahimilivu walioukosa wale, na anaingia mazoezini na uchovu wasioujua. Je, apumzike siku ngapi? Msimu wa palizi apunguze seti au aache kabisa? Maswali hayo yanaweza kujibiwa Mkange kwa daftari, mizani na utepe wa fundi cherehani, na mwalimu wa sekondari mwenye subira ya mwaka mmoja anaweza kuyaanza bila kibali cha maabara yoyote.

Mwisho, kwa diwani au mfadhili atakayeuliza anunue nini kwa ajili ya vijana wa kata kama hii, nashauri fito mbili za chuma zenye sahani ndogondogo, benchi mbili imara, na vyuma viwili vya kuegemezea fito vyenye pini za kuizuia isimwangukie mtu. Fedha ikibaki, aongeze kapi moja la kuvutia mgongo. Mashine ya paja inunuliwe mwisho, na iwekwe zahanati, kwa ajili ya wazee.